Aliyekwenda na mizigo

Kila mwaka, siku chache kabla ya Ramadhani, sisi wa ukoo wa mama hukusanyika kijijini, njia ya Nyangao, Lindi, kuwasomea hitima marehemu wetu. Usiku wa kuamkia siku hiyo mjukuu mmoja huketi barazani na Bibi, daftari mapajani, aandike majina. Bibi hana karatasi yoyote. Anaanza na waliokufa karibuni, anarudi nyuma taratibu, fulani bin fulani, fulani binti fulani, mpaka anawafikia watu ambao hata yeye hakuwaona kwa macho. Na kila mwaka mstari wa mwisho ni uleule: "Andika, aliyekwenda na mizigo."

Mwaka huu niliyeandika ni mimi. Aliyesoma ni ustadhi kijana, mgeni kwetu. Aliyasoma majina kwa sauti ya kutulia mpaka akafika chini ya karatasi, akasita. Akauliza, huyu ni nani? Mjomba akamweleza kwa ufupi. Ustadhi akasema basi tumwache, hana jina, Mungu anawajua waja wake. Akakunja karatasi.

Kutoka upande wa wanawake Bibi akasema, "Msome, mwanangu."

Tukanyamaza wote. Bibi amevuka miaka 80 na sauti yake imekuwa nyembamba, lakini siku ile ilifika mpaka mkeka wa mwisho. "Msome vilevile alivyoandikwa. Sisi ndivyo tunavyomwita."

Ustadhi akaikunjua karatasi, akamsoma. Simlaumu hata kidogo. Alifundishwa kuwa dua hupelekwa kwa mtu mwenye jina, na ndivyo tulivyolelewa sote. Ninaowalaumu ni wale waliofanya mzee wetu asiwe nalo.

Aliyekwenda na mizigo alikuwa kaka mkubwa wa babu yake Bibi. Askari walikuja wakati wa kuvuna mtama, wakawachukua wanaume wenye mabega. Walikuwa askari wa Mjerumani au wa Mwingereza, hakuna aliyebaki wa kusema. Hakurudi. Habari yake imeishia hapo. Jina alikuwa nalo, mama yake alimpa na wenzake wa jando walimwita kwalo. Lakini mdogo wake alikuwa bado mtoto, wazazi wakafa katika njaa na homa zilizofuata vita, na jina likapotea pamoja nao. Kikabaki kitendo alichofanyishwa: alikwenda, na mizigo.

Hiyo ilikuwa 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Oktoba ya mwaka huo, kuanzia tarehe 15 hadi 18, Waingereza na Wajerumani walipigana Mahiwa na Nyangao, mapigano yaliyomwaga damu kuliko karibu yote mengine katika vita ile hapa Afrika Mashariki. Sasa nisikilizeni. Jina la Nyangao liliingizwa katika heshima za vita za King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika chini ya Waingereza, pamoja na Kilimanjaro na Narungombe. Ni desturi ya jeshi la Kiingereza: kikosi kikipigana kwa ushujaa hupewa haki ya kubeba jina la pambano lile, na linakuwa fahari yake kizazi hadi kizazi. Kwa hiyo kijiji chetu kilipata heshima ya kijeshi. Kikosi kilipata heshima. Askari wa Kiingereza aliyetoka salama alipata medali ambayo ukiigeuza ukingo unakuta namba yake, jina lake na kikosi chake vimechongwa. Mwingereza aliyepita Nyangao mwezi ule na bunduki mkononi ana mahali anapoweza kutafutwa. Aliyebeba risasi za bunduki hiyo hana.

Na risasi zile zisingefika bila yeye. Ng'ombe, farasi na nyumbu wa jeshi walikufa kwa maelfu kwa sababu ya mbung'o. Magari yalizama kwenye tope la masika. Reli zilikuwa mbili tu, na vita iliziacha mbali ikaingia Rufiji na kusini ambako barabara ni njia za miguu. Kilichobaki ni kichwa na bega la binadamu. Kila mpagazi kilo 25 hivi: sanduku la risasi, gunia la unga, kipande cha mzinga, mgonjwa kwenye machela. Na mpagazi naye anakula. Safari ikiwa ndefu, mzigo wake wote anaweza kuumaliza yeye mwenyewe njiani, kwa hiyo nyuma yake anahitajika mwingine wa kumbebea unga, na nyuma ya huyo mwingine tena. Ndiyo maana kwa upande wa Waingereza peke yao idadi ilifikia watu wapatao milioni moja, wakitolewa Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo), Kongo na hapa kwetu. Waliokufa, kwa hesabu rasmi, si chini ya 95,000. Wengi hawakuiona bunduki ya adui. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, baridi ya usiku bila blanketi, na unga wa mahindi uliopikwa haraka haraka kwenye matumbo ambayo hayakuuzoea.

Sisi wa Dar tunawataja kila siku bila kujua. Kariakoo ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, iliyotamkwa na midomo yetu. Konda anapiga kelele "Kariakoo, Kariakoo!" kuanzia alfajiri, na Nairobi nao wana Kariokor yao. Kambi yao ndiyo ilikuwa pale tunaponunua vitenge na vitunguu.

Niliporudi kutoka Lindi nilikwenda Posta makusudi, nikasimama pale Samora kuliangalia sanamu la Askari kama mtu anayeliona mara ya kwanza. Tangu 1927 amesimama ameielekeza singe bandarini. Wazee wa mjini wanamwita Bismini, jina linalotokana na Wissmann, Mjerumani aliyekuwa na sanamu yake mjini kabla ya vita. Yaani hata huyu mmoja tuliyempandisha juu ya jiwe, tunamwita kwa jina la mtu aliyekuja kututawala kwa bunduki. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka asubuhi ile, na lilinichoma.

Kisha nikasoma maandishi. Yanasema ni kumbukumbu ya askari wenyeji wa Afrika waliopigana, na ya wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwishoni yanamwambia anayesoma kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Jina lake. Nililizunguka jiwe lile pande zote. Hakuna hata jina moja.

Maneno hayo yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi wa Kiingereza, na kuna jambo kuhusu mtu huyu ambalo limenikaa rohoni. Alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, John. Akafa mwezi wa Septemba 1915 kwenye mapigano ya Loos, Ufaransa, ana miaka 18 tu, na maiti yake haikutambuliwa enzi za baba yake. Baba alitafuta miaka na miaka, akihoji askari mmoja mmoja. Alikufa mwenyewe bila kuliona kaburi. Lakini jina la John lilichongwa ukutani huko Loos pamoja na ya maelfu ya wengine wasiojulikana walipolala. Baba huyu alijua, kuliko mtu yeyote, kwamba mfupa ukikosekana jina ndilo linalobaki la kushika. Akatuandikia sisi ahadi ya jina. Wenzake katika Tume ya Makaburi ya Vita, alikokuwa mjumbe, wakatunyima.

Naam, wakatunyima, wala si kwa bahati mbaya. Tume ya Makaburi ya Vita ya dola yao iliundwa 1917 kwa msingi kwamba wafu wote watatendewa sawa, bila kujali cheo, rangi wala dini. Aprili 2021 tume hiyohiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika wa Mashariki na Magharibi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Na kwamba watu wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mahali pengine majina yalikuwepo na mtu mwenye kalamu akaamua yasichongwe. Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, aliona makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudie pori haraka iwezekanavyo. Mwenzake wa Gold Coast, Ghana ya leo, alisema 1923 kwamba mwenyeji wa kawaida hataelewa wala kuthamini jiwe la kaburi.

Hapa ndipo damu inaponichemka.

Hataelewa? Watu hawa waliwahi kukaa kwenye hitima hata moja? Waliwahi kumsikia mzee akihesabu ukoo wake kabla ya tambiko, babu baada ya babu, akiogopa kumruka mmoja kwa sababu aliyerukwa atauliza? Kwetu Umwera, kwa Wayao, kwa Wamakonde, na najua si kwetu tu, mtoto anazaliwa na jambo la kwanza linaloulizwa ni amrithi nani. Babu anarudi katika mjukuu kwa njia ya jina. Mama anamwita mwanawe "baba" kwa kuwa amebeba jina la baba yake, na akimchapa anamwomba radhi marehemu. Waislamu wa pwani tunapeleka karatasi ya arwahi msikitini. Wakristo wa Ndanda na bara wanapeleka majina kwa padri yasomwe kwenye misa ya marehemu wote mwezi wa Novemba. Hakuna watu duniani waliohitaji kufundishwa thamani ya jina la marehemu kidogo kuliko sisi. Walichotunyang'anya hakikuwa jiwe tu. Walilichukua jina lenyewe, na jina likikosekana mnyororo unakatika. Hakuna mtoto wetu aliyeitwa kwa yule mzee. Hakuna aliyemrithi. Miaka zaidi ya 100 sasa, amebaki nje ya mlango wa ukoo wake, na mwanamke mmoja mzee anamshika mkono kila mwaka asije akapotea kabisa.

Mtu akisema kumbukumbu ya kaburi haikuwa desturi yetu, aje amwangalie Bibi usoni amwambie.

Nakubali, shingo upande, kwamba kazi ya kuandika majina ya wote isingewezekana. Watu walianguka porini, misafara ilikuwa mirefu, na karani mmoja alikuwa na maelfu ya watu. Sitaki kumdai mtu lisilowezekana. Lakini makarani walikuwepo, wapagazi walipewa namba, mishahara ilikuwa na daftari. Aliyeweza kuandika ametumia gunia ngapi za unga aliweza kuandika nani aliyezibeba. Na Kenya, miaka ya karibuni, kumbukumbu za enzi hizo zimeonekana kwenye makabrasha ya jeshi lao na majina yameanza kutoka. Kwa hiyo hayakupotea yote. Mengine yalikuwa kabatini tu.

Wapo wanaoniambia wapagazi wale walimtumikia mkoloni, kwa nini tuwaite mashujaa. Walichukuliwa kwa nguvu. Ukimchukua mtu shambani kwake, ukamtwika vita vyako mpaka akafa, deni lako kwake ni kubwa kuliko la aliyejitolea. Sina zaidi ya kuongeza hapo.

Wapo pia wanaosema heshima ya kundi inatosha. Wanautaja mfano wa Malta, ambako mwaka 1942 mfalme wa Uingereza aliwatunuku watu wote wa kisiwa kile Msalaba wa George kwa kuvumilia mabomu. Sawa. Ilikuwa heshima kubwa na naipenda. Lakini Mmalta aliyekufa kwa bomu alikuwa na kaburi lake na jina lake kanisani kwake. Heshima ya kundi ilikuja juu ya jina, haikuja badala yake.

Lakini nisiwaseme Waingereza peke yao, maana Bibi ameniuliza swali moja ambalo sikuweza kulijibu. Tulikuwa tunakumbuka Siku ya Mashujaa ya Julai 25, ile sherehe ya kwenye runinga: Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, mabalozi wanaweka shada la maua, tarumbeta inalia. Mimi napenda sana siku ile. Nikilisikia lile tarumbeta nasimama hata nikiwa sebuleni peke yangu. Bibi akauliza, "Na siku hiyo wanasoma majina?"

Nikamwambia hapana, Bibi, wanaweka silaha.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupeta mchele wake.

Tuna wafu wetu wenyewe ambao hawakutawaliwa na mtu walipokwenda vitani. Askari wetu wa vita vya Kagera wamelazwa Kaboya, waliofia upande wa Msumbiji wamelazwa Naliendele, na taifa linawatunza. Hilo nalisema kwa shukrani, na wastaafu wa 1978 wana medali zao, wanazivaa, nawapigia saluti. Je, raia? Mwalimu alipotangaza kwamba uwezo tunao, sababu tunazo na nia tunayo, nchi nzima iliingia. Malori na mabasi ya watu yalichukuliwa, pamoja na madereva, kupeleka askari na shehena Kagera kwenye barabara za mvua ya vuli. Mgambo waliitwa kutoka vijijini kwa maelfu. Mjomba wangu mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori. Aliondoka na pamba ya watu mgongoni mwa gari, akaishushia njiani, akapakia mahema, akarudi nyumbani baada ya miezi mitano akiwa mwembamba na hazungumzi wakati wa kula. Alipokufa alizikwa na watu wa mtaani. Alikuwa na karatasi moja ndani ya mfuko wa nailoni, yenye mhuri, inayosema gari lilitumika. Gari liliandikwa. Yeye hakuandikwa.

Na wale waliouawa Kagera kwenyewe, katika wiki ambazo majeshi ya Idi Amin yalikalia ardhi mpaka mto, wanaokadiriwa kuwa raia 1,500 hivi. Wapi panapoweza mtoto wa leo kwenda akawasoma, mmoja mmoja?

Na Dodoma. Makao makuu ya nchi, ambako viongozi husimama kuwaenzi mashujaa, ni Ugogo. Waulizeni wazee wa Kigogo habari za Mtunya, njaa kuu ya 1917 hadi 1920. Wakati wa vita ya 1914 majeshi yote mawili, kwanza la Mjerumani kisha la Mwingereza, yalipita pale yakichukua nafaka, ng'ombe na wanaume, na mvua ilipokosekana hapakuwa na akiba wala nguvu kazi. Watu walikufa nyumba kwa nyumba. Hao hawakubeba silaha. Wengine hawakubeba hata mizigo. Walilisha vita kwa maghala yao na vita ikawaacha wafe njaa.

Ninachotaka si kikubwa. Januari 2025, katika bustani ya Company's Garden mjini Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wa vibarua Weusi wa Afrika Kusini waliofia barani Afrika katika vita ileile ya kwanza. Watu 1,772. Walichofanya ni kusimamisha nguzo za mvule, kila nguzo na jina la mtu. Mvule! Mti unaoota kwetu, tunaoutengenezea milango na majahazi. Mtoto wa mjukuu anafika pale, anatafuta, anaweka kiganja chake juu ya jina la babu yake. Miaka 100 na zaidi ilipita na bado walifanya.

Nasi tufanye. Kila wilaya ikusanye majina kutoka kwa wazee waliobaki, wa 1914, wa vita ya Burma, wa Kagera, wa Msumbiji, askari na raia, yasomwe kwa sauti Julai 25 kwenye uwanja wa wilaya hata kama yatachukua saa nne. Nyaraka za Taifa wafungue makabrasha. Tume ya Makaburi ifuate ahadi yake mpaka vijijini, siyo kwenye ripoti tu. Lakini tusiwasubiri, kwa sababu wanaokumbuka wanakufa. Bibi amebaki peke yake katika rika lake.

Kwa hiyo nimefungua daftari jipya. Kama kwenu kuna aliyechukuliwa, niandikieni: jina lake, la baba yake, kijiji, alichobeba au alichofanya, na nani aliyewasimulia. Msiache kwa sababu hamna jina kamili. Leteni mlicho nacho. Ukurasa wa kwanza nimeandika wa kwetu:

Mwanamume wa Kimwera, njia ya Nyangao. Kaka mkubwa. Alichukuliwa na askari wakati wa kuvuna mtama, 1917, akapewa mzigo. Jina bado linatafutwa. Mjukuu wa mdogo wake yu hai na anamsomea kila mwaka.